Soda ya Igoma na ugomvi wa habari za dunia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naendesha kibanda umiza hapa Igoma, Mwanza. Juzi, kabla ya mechi, taarifa ya habari ikataja kwamba Marekani inajitoa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasema si ajabu, imeshatoka mara tatu, na mara ya kwanza ilitoka kwa sababu sisi Waafrika tulidai kusimulia habari zetu wenyewe. Mimi nikabisha: ni mara moja tu, na ni mambo ya Palestina. Tumewekeana soda. Lakini swali langu hasa ni hili: kama ugomvi huo ulikuwepo kweli, nani alikuwa na haki? Na mbona mpaka leo sisi wa huku ziwani tunaonekana kwenye runinga za dunia meli ikizama tu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hiyo soda iacheni kwenye friji kwanza, nitaifikia mwishoni, maana hesabu yake si nyepesi kama mlivyodhani. Nianze na neno la mzee wako. Ana ukweli mwingi. Ila hadithi ameikata kama wanavyokata sangara kiwandani: minofu kaichukua, mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki, kayaacha. Na kwenye mapanki ndiko kuliko na mambo.

Nilipoingia kwenye uandishi, mwishoni mwa miaka ya 1970, chumba chetu cha habari kilikuwa na teleprinta iliyotema karatasi mchana kutwa na usiku kucha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzikata karatasi hizo kwa rula na kutafsiri. Jambo likitokea Kampala, ng'ambo tu ya ziwa, lilikwenda London kwanza, likaandikwa kwa ajili ya msomaji wa London, ndipo likaturudia sisi. Ni sawa na sato avuliwe Ukerewe, asafirishwe Ulaya, kisha arudi soko letu la samaki la Mwaloni ndani ya barafu na sisi tumnunue kwa furaha tukidhani ni mgeni. Mashirika yaliyoshika mnyororo huo yalikuwa machache: AP na UPI ya Marekani, Reuters ya Uingereza, AFP ya Ufaransa. Upande wa pili kulikuwa na TASS ya Wasovieti, nayo ilikuwa na yake ya kuuza.

Walioanza kulalamika juu ya mpango wa namna hiyo hawakuwa Waafrika. Walikuwa Wamarekani wenyewe. Mwaka 1870 Reuters, Havas ya Ufaransa na Wolff ya Ujerumani waligawana dunia kwa mkataba, huyu achukue huku na yule kule, kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu. Kwa miaka mingi habari za Marekani zilizosomwa nje zilipita mikononi mwa wengine. Kent Cooper, aliyekuja kuwa mkuu wa AP, alilalamika kwamba Reuters ikiisimulia nchi yake haioni kingine ila Wahindi Wekundu wakipigana, watu wakinyongwa na makundi huko kusini na uhalifu wa ajabuajabu kaskazini. AP ilijinasua kwenye mkataba huo mwaka 1934. Ondoa Wahindi Wekundu, weka meli iliyozama, utaona kwamba swali lako limeshaulizwa na mkubwa mwenyewe kabla hajawa mkubwa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Marekani ndiyo iliyokuwa na sauti. UNESCO ilipoundwa 1945, katiba yake ikaweka neno la mawazo kusambaa kwa uhuru kwa maneno na kwa picha. Mwaka 1948 Azimio la Haki za Binadamu, kifungu cha 19, likampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka. Ni maneno mazuri na mpaka leo nayatetea. Lakini wewe unalijua ziwa. Mwenye boti ya injini mbili na mwenye mtumbwi wa kasia wote wako huru kuvua. Jioni nenda mwaloni ukaangalie mizani.

Hilo ndilo nchi zilizokuwa zimepata uhuru karibuni zililolisema miaka ya 1970. Wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walilianzisha Algiers mwaka 1973, na mwaka 1976 likawa dai lenye jina: utaratibu mpya wa habari na mawasiliano duniani. Mustapha Masmoudi wa Tunisia alikuwa mmoja wa wasemaji wake wakubwa. Mwaka huohuo Tanzania ikatunga sheria ya kuunda shirika lake la habari, SHIHATA. Mwaka 1979 nchi za Afrika zikakubaliana kuanzisha PANA, shirika la habari la bara zima, likaanza kazi Dakar mwaka 1983 ili habari ya Kampala ifike Mwanza bila kupanda ndege ya London. Kwenye karatasi, mambo yalipendeza.

Sasa njoo Nairobi. Oktoba na Novemba 1976, kwenye lile jengo refu la mikutano la Kenyatta, UNESCO ilifanya mkutano wake mkuu, wa kwanza kufanyika Afrika. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Msenegali, Amadou-Mahtar M'Bow. Mezani kulikuwa na rasimu ya azimio juu ya vyombo vya habari, iliyosukumwa zaidi na Wasovieti, na ndani yake kifungu cha 12 kikisema kwamba dola inawajibika kwa shughuli za kimataifa za vyombo vya habari vilivyo chini ya mamlaka yake. Tafsiri yake ya kibandani ni hii: gazeti la New York likiandika uongo juu ya Tanzania, serikali ya Marekani ijibu. Na ili ijibu, lazima kwanza iwe na mkono ndani ya gazeti. Nchi za Magharibi zilikuja juu, na hapo, kwa maoni yangu, hazikuwa na makosa hata kidogo.

M'Bow alikuwa mwanadiplomasia. Akaiahirisha rasimu, na azimio lililopitishwa Novemba 1978 lilikuwa limeondolewa mwiba huo. Kisha akafanya wanalofanya wakubwa wote mambo yakikwama, akaunda tume. Wajumbe walikuwa 16, chini ya Seán MacBride wa Ireland, mtu wa ajabu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani na baadaye tuzo ya amani ya Lenin, kwa hiyo Washington na Moscow wote walikuwa na sababu ya kumwamini na sababu ya kumshuku. Ndani ya tume alikuwemo Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Betty Zimmerman wa Kanada. Afrika ilikuwa na Tunisia, Misri, Nigeria na Zaire. Afrika Mashariki, hakuna.

Ripoti ya tume ilifikishwa kwenye mkutano mkuu wa Belgrade mwaka 1980. Wengi wanaoigombania hawajaifungua. Haikuwa ilani ya madikteta. Ililaani udhibiti wa habari, ikatetea haki ya mwandishi kufikia vyanzo rasmi na visivyo rasmi, na juu ya kuwapa waandishi leseni ilionyesha wasiwasi. Papo hapo ikasema wazi kwamba habari zikishikwa na makampuni machache ya nchi chache, huo nao ni udhibiti, hata kama hakuna askari mlangoni. Kila upande ulikuta humo kitu cha kuuma. Mwaka uleule ukaundwa mpango wa UNESCO wa kusaidia nchi maskini kujenga vyombo vyao vya habari. Fedha zilizowekwa humo zilikuwa kidogo kulinganisha na maneno yaliyosemwa.

Wenye vyombo vya habari wa Magharibi hawakutulia. Mei 1981 walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa tamko lao wakiitaka UNESCO iachane na habari ya kuwawekea waandishi kanuni na leseni. Serikali ya Ronald Reagan ilikuwa imeingia madarakani. Desemba 1983 ikatoa notisi, na mwisho wa 1984 Marekani ikatoka, ikiondoka na robo ya bajeti ya shirika. Uingereza ikafuata mwisho wa 1985, na Singapore pia. Sababu zilizotajwa zilikuwa tatu: siasa zimezidi, shirika lina uadui na uhuru wa habari na wa soko, na fedha zinatapanywa. Hiyo ya tatu haikuwa ya kusingizia. Usimamizi wa M'Bow ulilalamikiwa hata na marafiki zake, na mwaka 1987 nafasi yake ilichukuliwa na Federico Mayor wa Hispania. Lile dai la utaratibu mpya likazimika polepole kama karabai iliyoishiwa mafuta.

Kwa hiyo mzee anapokwambia ilitoka kwa sababu yetu, mkubalie, lakini mwongezee mapanki.

Mwaka 1976, uleule ambao wajumbe wetu walikuwa Nairobi wakidai sauti ya wanyonge isikike duniani, bunge letu lilitunga Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti kwa kisingizio cha manufaa ya umma. SHIHATA nayo ilikuwa ya serikali, magazeti makubwa yalikuwa ya serikali na chama, redio ilikuwa moja. Na runinga? Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Huku bara tulingoja mpaka 1994, wakati kituo cha kwanza cha binafsi kilipowashwa Dar es Salaam. Hapo hakuna beberu wa kumsingizia. Kwa miaka zaidi ya ishirini mtoto wa Mwanza hakuonekana kwenye runinga ya nchi yake kwa kuwa sisi wenyewe tuliona runinga ni anasa isiyotufaa.

Hili ndilo jibu langu la nani alikuwa na haki, na nimelibeba muda mrefu. Lalamiko lilikuwa la kweli. Dawa iliyopendekezwa na wengi waliopaza sauti ilikuwa mbaya. Vitu hivyo viwili vikatiwa gunia moja na kufungwa kamba. Magharibi wakalinyooshea kidole gunia wakisema, tazameni, ni udhibiti, na wakapata udhuru wa kutolijibu lalamiko. Serikali zetu nazo zikalinyooshea kidole gunia lilelile zikisema, tazameni, ni ukombozi, na wakati huohuo zikamfunga mdomo mhariri wa nyumbani. Masmoudi alikuwa waziri wa habari katika nchi ya chama kimoja. Na dunia ilipokutana Tunis, Novemba 2005, kwenye mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa juu ya jamii ya habari, mwandishi wa gazeti la Ufaransa alichomwa kisu mjini humo siku chache kabla ya ufunguzi. Nilikuwa nimejiandaa kuandika makala ya kuusifu mkutano ule. Niliiweka kabatini.

Sasa utaniuliza, hayo ya Nairobi na Belgrade yananihusu nini mimi wa Igoma? Panda juu ya paa la kibanda chako uangalie dishi. Kama ni lile linalopokea setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, basi hapa Mwanza limelala chali, linatazama karibu na utosi, kwa sababu setilaiti iko juu ya Ikweta, kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, na sisi tuko jirani sana na mstari huo. Ikweta inakatiza ziwa letu hilihili upande wa kaskazini, jirani na visiwa vya Ssese. Desemba 1976, Kenya na Uganda, pamoja na Zaire, Kongo, Kolombia, Ekuador na Indonesia, ziliungana Bogotá kutangaza kwamba ile sehemu ya njia ya setilaiti iliyo juu ya ardhi zao ni mali zao. Wataalamu wa anga walicheka. Mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kuimiliki anga ya juu, na dai lile halikufika popote.

Halikufika, lakini kicheko nacho kilikoma. Hofu iliyokuwa nyuma ya dai ilikuwa ya maana: nafasi kwenye njia ile zina kikomo, na utaratibu ulikuwa wa anayewahi ndiye anayekaa. Wenye roketi wangezijaza zote kabla sisi hatujanunua hata bisibisi. Ukabishaniwa kwenye Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, katika mikutano ya 1985 na 1988, na mwishowe kila nchi mwanachama ikawekewa nafasi yake, hata ile isiyo na setilaiti. Katika ugomvi wote wa miaka ile, huu ndio ushindi ninaoweza kuugusa kwa kidole, na uliletwa na mainjinia waliokaa na jedwali za masafa. Wapiga hotuba hawakuhusika sana. Vivyo hivyo king'amuzi: ulilazimika kukinunua kwa sababu ya makubaliano ya Geneva ya 2006, yaliyoweka Juni 2015 kuwa ukomo wa kulinda matangazo ya analojia. Hapa Mwanza mitambo ya zamani ilizimwa mapema 2013, tukaanza kununua ving'amuzi huku tukiilaani serikali. Kumbe tulikuwa tunatekeleza diplomasia.

Kisha likaja suala la intaneti, na ugomvi ukavaa shati jipya. Desemba 2012, Dubai, nchi zilikutana chini ya ITU kurekebisha kanuni za simu za kimataifa za tangu 1988. Urusi, China na nchi nyingi za Kiarabu na za Afrika zilitaka serikali ziwe na neno zaidi juu ya mtandao. Marekani na Ulaya zikasema intaneti isiingizwe humo kabisa. Nchi 89 zilitia saini, 55 hazikutia. Angalia pwani ya ziwa letu: Tanzania ilitia saini, Uganda ikatia, Kenya haikutia. Wavuvi wanaokutana kila siku majini wakiazimana petroli, serikali zao zilisimama pande mbili. Sitaki kukudanganya kwamba kila aliyetia saini alikuwa anatafuta rungu la kudhibiti. Wapo waliokuwa wanauliza swali la fedha: makampuni makubwa ya mtandao yanavuna kwetu, mbona nyaya tunalipia sisi? Swali hilo lingali hai. Na ni kweli vilevile kwamba orodha ya waliotia saini ilikuwa na serikali ambazo usingependa zishike swichi ya simu yako.

Swichi yenyewe tumeiona. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hapa Mwanza watu walikaa wakitazama simu kama wanatazama maiti. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa tena kwa siku kadhaa, na safari hii bahari haikuwa na hatia. Matukio hayo mawili yana mwaka mmoja na nusu kati yake. La kwanza ndilo lalamiko la akina Masmoudi: njia zetu ziko mikononi mwa mbali. La pili ndilo jibu la waliotoka UNESCO: je, zikiwa mikononi mwa karibu?

Kuhusu meli. Hapa nina hasira kidogo, nivumilie.

MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu wetu. Dunia ilikuja. MV Nyerere ikapinduka Ukara 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya 200. Dunia ikaja. Novemba 2022 ndege ikaanguka ziwani Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi wakawa wa kwanza kufika, dunia ikaja tena. Haikuwa makosa kuja. Watu walikuwa wamekufa. Tatizo ni kwamba ofisi za mashirika makubwa ziko Nairobi, na kuhamisha mtu na kamera hadi Mwanza ni gharama ambayo mhariri hukubali kwa ajili ya jambo moja tu. Wanaobaki ni waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa stori, na anayelipwa kwa stori hujifunza haraka nini kinanunuliwa. Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja wa nje habari ya akina mama wa Mwaloni na jinsi bei ya dagaa inavyopangwa na mwezi, giza likiingia, mwanga ukirudi. Alinijibu kwa adabu sana. Nimtafute, alisema, kikitokea kitu.

Na habari ya nje kwetu si mapambo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba kuna wanaovua kwa sumu, viwanda vilisimama. Uvuvi wa sumu ulikuwepo kweli sehemu fulani, siwezi kukanusha. Ila aliyevua kwa nyavu halali hakuwa na pa kusemea.

Halafu kuna ile filamu. Hujanitajia, lakini hakuna mtu wa Mwanza wa umri wangu asiyeijua: ilitoka 2004, mtengenezaji alikuwa wa Austria, inahusu sangara, ndege za mizigo, mapanki na watoto wa mitaani, na inaashiria kwamba ndege zinazobeba minofu huja na silaha. Ilifika mpaka kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na hapa mjini yakafanyika maandamano ya kuipinga. Niliiangalia kwenye sidii ya kuchoma. Sehemu ilinikera, hasa hiyo ya silaha, iliyoachwa inaning'inia bila ushahidi wa kutosha. Sehemu nyingine ilinifanya ninyamaze, maana wale watoto niliwahi kuwapita mwenyewe usiku nikienda nyumbani, bila kuandika mstari mmoja. Mgeni alikuwa ameandika.

Serikali ilikuwa na haki ya kujibu. Ingeweza kufungua viwanda, kutoa takwimu za minofu inayotoka na shehena inayoingia, kuwaacha wavuvi wenyewe waongee mbele ya kamera. Badala yake mwandishi wa Kitanzania aliyeonekana kwenye filamu alikamatwa na uraia wake ukatiliwa shaka. Hebu linganisha na gunia nililokueleza. Lalamiko: mgeni katupaka matope. Dawa: mkamate wa nyumbani.

Tumebadilika? Kidogo. Sheria ya 1976 ilifutwa, ikaja ya 2016 ya huduma za vyombo vya habari, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, ikasema vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume na mkataba wa jumuiya. Mwaka 2018 kijana aliyetaka kuendesha blogu ya habari alitakiwa ada zinazozidi shilingi milioni 2, ambazo baadaye zilipunguzwa. Kwa upande mwingine, Sengerema, ng'ambo ya ghuba, kuna redio ya jamii iliyotokana na kituo cha mawasiliano ambacho UNESCO na ITU walisaidia kukianzisha. Huko nimesikia bei ya dagaa ikijadiliwa saa nzima na wanaoijua. Hakuna anayeiita utaratibu mpya wa habari duniani. Wanaita kipindi cha asubuhi. Na wanaotegemea vituo vya nje wajihadhari nao: Machi 2025 Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe. Wazee kadhaa walinipigia simu wakidhani redio zao zimeharibika.

Haya, soda. Marekani ilitoka mwisho wa 1984 kwa mambo niliyoyaeleza. Ikarudi Oktoba 2003 (Uingereza ilikuwa imerudi 1997), na miaka miwili tu baada ya kurudi, mkataba wa kulinda tamaduni mbalimbali ulipopigiwa kura, nchi 148 zikaunga mkono, mbili zikapinga: Marekani na Israel. Mwaka 2011 UNESCO ikaipokea Palestina kuwa mwanachama kamili, Marekani ikaacha kulipa, na mwisho wa 2018 ikatoka mara ya pili. Hapo ndipo ulipo ukweli wako. Julai 2023 ikarudi. Julai 2025 ikatangaza kutoka tena, na tangazo hilo linatimia mwisho wa Desemba 2026.

Kwa hiyo mzee kasema tatu: kutangaza ni tatu, kutoka kwa kutimia ni mbili, na ya tatu inasubiri tarehe yake. Wewe umesema moja, na hapo umeshindwa kwa hesabu yoyote ile. Mnunulie mzee soda. Ila akishaifungua, kabla hajanywa, muulize alikuwa anasoma gazeti gani mwaka 1976, na lilikuwa la nani.